Alama Nilizoongeza

Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, alama za mwalimu ziliingia katika hesabu ya mtihani wa mwisho. Nami, kwa huruma, nikamwongezea yatima mmoja alama za hisabati. Akaenda kusomea uhandisi ujenzi Dar es Salaam, katika kitivo kichanga kilichofunguliwa 1973. Huko boriti ya zege haimwonei mtu huruma. Alirudia mwaka, akafuzu.

Juzi alinitembelea hapa Chumbageni. “Shikamoo, Mwalimu,” akanishukuru kwa kumfundisha hesabu. Nikanyamaza.

Je, kufuzu kwake kumenifutia kosa? Naona hapana. Yupo aliyeikosa nafasi ile, naye hakuja kunishukuru.

Mgeni wangu akautazama ufa wa barazani, akauliza nani alinijengea.