Je, Mwalimu Aweza Kufundisha Asiyoyaamini?

Vitabu vya Wayunani na Warumi wa kale vimejaa habari za miungu mingi, iliyotambikiwa kwa ng'ombe na divai. Hata hivyo Wakristo wamevisoma na kuvifundisha tangu karne za kwanza. Basi yafaa kuuliza: Je, ni unyofu mtu kufundisha kitabu ambacho haamini dini iliyomo? Swali hili si jipya. Liliulizwa kwa ukali mwaka 362, naye aliyeliuliza alikuwa Kaisari.

Kaisari huyo ni Julian. Alilelewa katika Ukristo, lakini tangu utoto alifundishwa mashairi ya Homer, akayapenda mno, na baadaye akaigeukia miungu ya kale kwa siri. Alipokwisha kupata enzi mwaka 361 alijitangaza waziwazi. Mwaka uliofuata akawazuia Wakristo wasifundishe vitabu hivyo. Hoja yake ilikuwa hii: mwalimu afundishaye neno moja na kuamini jingine ni mdanganyifu. Homer na Hesiod waliiheshimu miungu. Asiyeiheshimu na aende kanisani, akawaeleze watu Mathayo na Luka.

Tusiidharau hoja hii, maana ina kweli ndani yake. Mwalimu asifuye darasani, kwa ajili ya mshahara, jambo alichekalo nyumbani ni mnafiki. Na wako waliokubali hasara kuliko unafiki. Victorinus, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini, alikuwa mwalimu mashuhuri hata sanamu yake ilisimamishwa katika Roma. Aliiacha shule yake, asiiache imani. Naye Prohaeresius wa Athene, habari zasema, alipewa ruhusa ya pekee kuendelea, akaikataa.

Julian alikosea wapi, basi? Alidhani kufundisha kitabu ni sawa na kukisujudia. Sivyo. Homer asimulia jinsi mfalme mzee Priam alivyokwenda usiku katika kambi ya adui, akapiga magoti mbele ya Achilles, akaibusu mikono iliyomwua mwanawe, akaomba apewe maiti amzike. Wote wawili wakalia, kila mtu na msiba wake. Je, msomaji hana budi kumwabudu Zeus ndipo ajue ya kuwa adui naye ana baba? Machozi hayo ni ya wanadamu wote. Hata Paulo, aliposema na watu wa Athene, alitaja neno la washairi wao wenyewe, wala hakuwa mwabudu sanamu kwa hilo.

Basil wa Kaisaria, aliyesoma Athene, aliwashauri vijana wawe kama nyuki, ambaye haendei kila ua, wala habebi ua zima, bali huchukua lifaalo na kuliacha lililosalia.

Tena Ammianus, mwandishi wa historia, hakuwa Mkristo, naye alimsifu Julian kwa mengi. Lakini amri hii aliihukumu kuwa ya ukatili, yastahili kufukiwa kimya. Julian alikufa vitani mwaka 363, na amri yake haikudumu.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Mwaka 529 Kaisari Justinian, ambaye alikuwa Mkristo, aliwakataza walioshika dini ya kale wasifundishe, na shule ya falsafa ya Athene ikafungwa. Waliolia chini ya Julian walipata nguvu, nao wakawafanyia wengine vivyo hivyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mwalimu aweza kufundisha asiyoyaamini, ila yampasa kushika mambo mawili. Kwanza, awaeleze wanafunzi imani ya watu wa kale kwa ukamilifu na heshima, kama wenyewe wangalivyoieleza, asiipotoe ili aishinde kwa urahisi. Pili, akiulizwa, Wewe waamini nini? ajibu wazi, bila hofu. Akiyashika hayo si mdanganyifu, bali ni shahidi mwaminifu wa watu wawili: yule aliyekufa zamani, asiyeweza kujitetea, na mtoto aliye mbele yake, asiyejua bado kupima maneno.