Beji ya dhahabu kwa mfadhili: Tunampima kwa kipimo gani?

Miezi michache iliyopita nilipewa kazi ya kuongoza shughuli katika hafla ya kuchangia ujenzi wa madrasa, iliyoandaliwa na jumuiya ambayo nami ni mwanachama. Siku hiyo ndipo kilipozinduliwa kile kilichoitwa 'Madaraja ya Heshima'. Aliyechangia shilingi milioni moja alitangazwa kuwa Mwanachama wa Heshima Daraja la Shaba, wa milioni tano Daraja la Fedha, na wa milioni kumi Daraja la Dhahabu. Kila mmoja alipewa cheti na beji, na viti vya mbele vilibandikwa karatasi zenye majina ya wahusika.

Kiti kimoja kati ya hivyo kilikuwa kimekaliwa na mzee mmoja. Mzee huyu amekuwa akichota maji ya kujengea tangu msingi ulipoanza kuchimbwa, na usiku akilala pale pale kulinda saruji isiibwe, bila ya ujira. Mwenye jina lake alipofika, mimi ndiye niliyemwendea mzee na kumwambia kwa sauti ya chini: "Mzee wangu, naomba utupishe hapa, pana mgeni." Akanyanyuka bila ya neno, akaenda kusimama nyuma, karibu na tulipovua viatu.

Sasa jumuiya inataka kuyaingiza madaraja hayo katika katiba yake, na baadhi ya viongozi wameniuliza, kwa kuwa nasomesha dini: "Ustadhi, jambo hili linafaa au halifai?" Nimelitafakari sana, na nimeona kuwa jibu la neno moja halitoshi.

Si jambo geni

Kwanza tukubali kuwa hatukulibuni sisi. Rotary, jumuiya iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905 na wakili Paul Harris, tangu mwaka 1957 ina utaratibu wa kumpa cheo cha 'Paul Harris Fellow' mtu anayetoa, au aliyechangiwa kwa jina lake, dola 1,000 za Marekani katika mfuko wake. Akiendelea kutoa, beji yake huongezewa vito kulingana na kiasi alichofikisha. Tuwe waadilifu hapa: fedha za mfuko huo zimefanya kazi kubwa, ikiwemo kampeni ya chanjo ya polio waliyoianza mwaka 1985, ambayo watoto wa Kiislamu nao wamenufaika nayo.

Lakini upo mfano mwingine. Royal Society ya London, chama cha wanasayansi kilichoanzishwa mwaka 1660, kwa muda mrefu kiliingiza matajiri na watu wa koo kubwa wasiokuwa na elimu ya sayansi ya kutajika, wakabeba cheo kile kile walichobeba wanasayansi. Ilibidi mwaka 1847 kanuni zibadilishwe, wanaochaguliwa wawekewe kikomo cha watu 15 kwa mwaka, na kipimo kiwe elimu. Wenyewe waliona kuwa cheo kikiwa kimoja kwa mwenye elimu na kwa mwenye mali, watu hawawezi tena kujua cheo kile kinashuhudia nini.

Uislamu haukatai madaraja

Wapo watakaosema kuwa Waislamu wote ni sawa, kwa hiyo daraja lolote ni batili. Kauli hiyo haiko sahihi. Qur'an yenyewe (57:10) inaeleza kuwa waliotoa na kupigana kabla ya Ushindi wa Makka hawalingani na waliofanya hivyo baadaye, bali wale wa mwanzo wana daraja kubwa zaidi. Lakini aya hiyo hiyo inaongeza kuwa wote Allah (s.w.) amewaahidi wema.

Khalifa Umar bin Khattab (r.a.) naye alipoweka daftari la posho za Waislamu aliwapanga kwa madaraja. Kwa mujibu wa mapokezi ya Bukhari, waliopigana Badr walipata dirham 5,000 kila mmoja. Muhajirina wa mwanzo aliwapangia 4,000, na mwanawe mwenyewe, Abdullah, akampa 3,500. Alipoulizwa kwa nini amempunguzia ilhali naye ni Muhajiri, alijibu kwamba Abdullah alihamishwa na wazazi wake, hivyo hawezi kuwa sawa na aliyehama mwenyewe.

Ndugu msomaji, hebu tuangalie kipimo cha Umar. Hakuuliza nani ametoa kiasi gani, bali nani alitangulia, na nani alijitoa mhanga wakati Uislamu ukiwa hauna kitu. Na mwanawe, ambaye kwetu sisi angetengewa kiti cha mbele bila ya kuulizwa, ndiye aliyepunguziwa. Kabla yake Abu Bakr (r.a.) aligawa sawa kwa sawa, akiona kuwa malipo ya kutangulia yako kwa Allah na posho ni ya kujikimu tu. Na imepokelewa kuwa Umar mwishoni mwa maisha yake alikusudia kurudi kwenye usawa. Ikiwa watu hawa wawili walitofautiana, basi suala hili si jepesi, na hatuna haki ya kulipitisha kwa makofi ukumbini.

Hoja ya paa

Wanaotetea madaraja wana hoja nzito. Wanasema: "Ustadhi, watoto wananyeshewa. Matajiri wakiona wenzao wanatajwa, nao wanatoa. Wewe unataka ikhlas au unataka paa?"

Siwezi kuibeza hoja hiyo, kwani nami nasomesha watoto hao. Aidha, kutoa hadharani hakukukatazwa. Qur'an (2:271) inasema kuidhihirisha sadaka ni jambo zuri, ingawa kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Imam Muslim amepokea hadithi ya Jarir bin Abdillah (r.a.) kuhusu watu wa Mudhar waliofika Madina wakiwa hohehahe. Mtu mmoja wa Answari alileta mfuko mzito uliokaribia kumshinda mkononi, watu wakamfuata wakitoa, mpaka uso wa Mtume (s.a.w.) ukang'aa kwa furaha. Kwa hiyo kumtaja mtoaji ili wengine wahamasike kuna asili.

Ila yule Answari hakupewa cheo wala kiti. Aliwahamasisha watu kwa kitendo chake na jambo likaishia hapo. Sisi tumeongeza kitu kingine: tumemwambia mtoaji kabla hajatoa kwamba akifikisha kiasi fulani atapata daraja fulani. Hapo sadaka imeanza kufanana na ununuzi. Na tunaijua hadithi nyingine katika Sahih Muslim, kwamba miongoni mwa watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama na kutupwa motoni ni mtu aliyetoa mali ili aitwe mkarimu, naye akaitwa. Sisemi kuwa wafadhili wetu wako hivyo. Nia anaijua Allah peke yake, na katika Qur'an (9:79) wanalaumiwa wanafiki waliomsema vibaya aliyetoa kingi pamoja na asiyekuwa na kitu ila juhudi zake. Ninachosema ni kuwa si haki sisi kumtegea ndugu yetu mtego, kisha tumwambie achunge nia yake.

Madhara ya pili yanamfika anayetoa kidogo. Katika hadithi aliyoipokea An-Nasai, dirham moja iliitangulia dirham laki moja, kwa sababu mwenye moja alikuwa na mbili tu, na mwenye laki alichota pembeni mwa mali nyingi. Mama muuza vitumbua anayeleta shilingi mia tano kila Ijumaa hatafika hata Daraja la Shaba maishani mwake. Katiba yetu itamwambia hivyo kwa maandishi, ilhali hatujui daraja lake mbele ya Mola wake.

Madhara ya tatu yanaifika jumuiya yenyewe. Leo ni beji, kesho ni kiti, na keshokutwa ni sauti katika kikao. Mwenye Daraja la Dhahabu akikosea, ni katibu gani atakayethubutu kumkosoa wakati bajeti ya mwaka iko mfukoni mwake?

Nini kifanyike

Maoni yangu ni haya. Wafadhili washukuriwe, tena waombewe dua hadharani, kwani asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Lakini waulizwe kwanza kama wanataka kutajwa. Viwango vya fedha viondolewe, na cheti kitaje kazi iliyofanyika: fulani amesaidia kuezeka paa, fulani amechota maji, fulani amesomesha miaka kumi. Viti vya mbele wapewe wazee na wagonjwa. Na iandikwe katika katiba kwamba mchango, uwe mkubwa kiasi gani, haumwongezei mtu kura.

Tukumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alipomkosa mama mweusi aliyekuwa akifagia msikiti, aliuliza habari zake. Alipoambiwa amefariki, aliwalaumu Masahaba kwa kutomjulisha, kana kwamba walilidharau jambo lake, akaenda kumswalia kaburini. Mama yule hakuwa na daraja katika orodha yoyote, lakini kukosekana kwake kulionekana na mbora wa viumbe.

Nilimfuata yule mzee kumuomba radhi. Alinishika mkono, akasema amekwisha nisamehe, kisha akauliza: "Mwalimu, zile fedha zimetosha paa?" Nikamwambia bado kidogo. Akasema atakuja Jumamosi kusaidia kupandisha mbao.

Mkutano mkuu umekaribia. Nitasimama kupinga kifungu hicho, na nitaanza kwa kueleza nilichokifanya mimi mwenyewe siku ile.

Wabillahi tawfiq.