Tairi Dogo Huzunguka Zaidi

Tulikuwa tunatoka Nachingwea kurudi nyumbani Nandagala, gari la mjomba likaanza kunuka mafuta yaliyoungua. Fundi aliingia uvunguni, akatoka, akasoma namba za matairi. Mbele 195/65 R15, nyuma 185/65 R15.

“Mjomba, ulijua hayalingani?” niliuliza.

“Nilijua, mjomba. Rimu si zilezile? Na gari lilikuwa linatembea. Ningefanyaje na korosho hazijauzwa?”

Tofauti yenyewe ilinichekesha: kimo chake ni sentimita moja na kidogo tu. Lakini piga hesabu. Katika kilomita moja tairi kubwa huzunguka mara 502 hivi, dogo mara 512. Mizunguko 10 ya ziada, kila kilomita. Na gari lile linasukumwa na magurudumu yote manne. Mbele na nyuma vimeunganishwa, na mtambo wake unategemea yaende sawa. Yasipoenda sawa, tofauti haipotei. Inageuka joto huko chini, abiria asikokuona.

Basi kosa ni kutolingana? Sidhani. Nachingwea inayajua matrekta tangu mradi wa karanga wa Waingereza, ulioachwa mwaka 1951. Trekta lina matairi madogo mbele na makubwa nyuma, na linalima. Hata lile linalovuta kwa magurudumu yote manne haliungui, kwa sababu giya zake zilipigiwa hesabu ya tofauti hiyo tangu kiwandani.

Kwa hiyo haki haidai tufanane. Inadai kwamba tukishafungwa pamoja, mtu apige hesabu ya tofauti zetu. Asipoipiga, kuna atakayeilipia kimyakimya.

Nikiwa nimekaa kivulini kumsubiri fundi, nilimfikiria dada yangu. Tumezaliwa wawili. Mimi nilikwenda chuo kikuu. Yeye alibaki Nandagala, akapalilia ufuta, akaokota korosho, akamuuguza mama. Sehemu ya ada yangu ilitoka mikononi mwake. Na mimi huwa nasema mbele za watu, tena kwa kujisifu: “Kwetu tumelelewa sawasawa.” Nasema hivyo kwa kuwa tumefika pamoja, nyumba imesimama, mama amezikwa kwa heshima. Sijawahi kuhesabu nani alizunguka mara ngapi.

Kuna atakayeniambia kwamba hakulazimishwa, alijitolea kwa mapenzi. Inawezekana. Lakini mapenzi yake hayanifutii mimi wajibu wa kujua yalimgharimu nini. Mjomba angalau alijua kwamba matairi hayalingani, na umaskini wake ni sababu ya kweli. Mimi nina mshahara, na sababu yangu siioni.

Tulifika usiku. Dada alikuwa ameshatenga maji ya kuoga na chakula kimefunikwa. Nilimuuliza korosho za mwaka huu zikoje.

Lile swali jingine sikuliuliza.