Naamani na Mgonjwa wa Mafigo



Mtu aweza kwenda hospitali kwa ajili ya homa ndogo, au mama aweza kwenda kupimwa shinikizo la damu, akarudi nyumbani na neno asilolitazamia: mafigo yake yameanza kudhoofika. Haumwi. Analima, anakula, analala vizuri. Lakini karatasi ya kipimo yasema vingine, na daktari amemwagiza abadili chakula chake na mwendo wa maisha yake, kisha arudi kupimwa tena.

Mtu wa namna hiyo hupatwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kupuuza, akisema moyoni kwamba ugonjwa usiouma si ugonjwa. Cha pili ni kukata tamaa, akajihesabu miongoni mwa marehemu na hali angali hai. Vyote viwili vyatoka katika kutojua, na vyote viwili vyaweza kumwangamiza. Kwa hiyo twapenda leo kusema naye, na pamoja naye wale wote wanaokula naye chungu kimoja.

Kwanza tuitazame kazi ya Muumba. Mwenyezi Mungu ametupa mafigo mawili, kila moja lenye ukubwa upatao ngumi ya mtu, nayo yamekaa nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho, vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja mafigo huchuja katika damu maji yapatayo lita 180, na karibu yote huyarudisha mwilini. Kiasi cha lita moja na nusu au mbili tu ndicho kitokacho kuwa mkojo, kikichukua takataka na chumvi iliyozidi. Tena hutuliza shinikizo la damu, huuamsha mwili utengeneze damu mpya, na huilinda mifupa. Kazi hiyo yote hufanyika usiku na mchana bila kelele. Na kwa kuwa tumepewa akiba kubwa, mafigo yaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kabla mwenyewe hajasikia lolote.

Ndiyo maana ugonjwa huu hujulikana kwa kupima, si kwa maumivu. Mwaka 1827 daktari Richard Bright, wa hospitali ya Guy's mjini London, alieleza jinsi mkojo wa wagonjwa wake, ukipashwa moto, ulivyoganda kama ute wa yai, kwa sababu protini ya damu ilikuwa ikivuja ndani yake. Siku hizi hakuna haja ya moto. Mkojo hupimwa kwa kijiti kidogo, na damu hupimwa ili kujua kiasi cha kreatinini, takataka ambayo mafigo mazima huiondoa.

Kwa kadiri ya nguvu ya kuchuja iliyobaki, madaktari hugawa ugonjwa wa mafigo wa kudumu katika ngazi 5. Ngazi ya 1 ni hesabu ya 90 au zaidi. Ya 2 ni 60 hadi 89. Ya 3 ni 30 hadi 59. Ya 4 ni 15 hadi 29. Na ya 5 ni chini ya 15. Wala hawamhukumu mtu kwa kipimo kimoja: yafaa dalili ziwe zimedumu miezi 3 au zaidi, na katika ngazi mbili za kwanza lazima iwepo alama nyingine, kama protini katika mkojo. Basi wewe uliyeambiwa kwamba u katika ngazi ya 2, hukuambiwa kwamba unakufa. Wengi walio katika ngazi za mwanzo hawafiki kamwe kwenye mashine ya kusafisha damu.

Lakini tusidanganyane. Kichujio kilichokufa hakifufuki. Kinachotafutwa ni kuvilinda vile vilivyobaki, ili vidumu miaka mingi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, yaani kusafishwa damu kwa mashine mara 2 au 3 kila juma, au kupandikizwa figo la mtu mwingine, ni wa gharama iwezayo kumaliza mali ya ukoo mzima. Aliyeonyeshwa ufa ungali mdogo ameonyeshwa huruma.

Hapa twamkumbuka Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Alikuwa mtu mkuu mwenye ukoma. Alifunga safari na farasi na magari, na fedha na dhahabu, mpaka mlangoni pa nabii Elisha. Nabii hakutoka hata kumlaki. Alimpelekea mjumbe tu, akamwagiza aoge mara 7 katika mto Yordani. Naamani akakasirika. Alitazamia tendo kubwa, na mkono wa nabii upungwe juu ya kidonda chake. Akauliza kama mito ya Damasko haikuwa bora kuliko maji yote ya Israeli, akageuka kwenda zake. Waliomponya ni watumishi wake, kwa swali moja la busara: kama nabii angalimwagiza jambo gumu, je, asingalilitenda? Kwa nini basi analikataa lililo jepesi?

Ndugu msomaji, ukitazama vema utaona kwamba ugumu wa Naamani ndio ugumu wa mgonjwa wetu. Angaliambiwa auze ng'ombe wawili akanunue dawa kutoka ng'ambo, angaliwauza. Angaliambiwa apasuliwe, angalilala mezani. Lakini ameambiwa apunguze chumvi, naye ameona amedharauliwa.

Je, Yordani ya mgonjwa wa mafigo ni ipi? Ya kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Na humo huhesabiwa chumvi yote, ile ya chunguni na ya mezani, ya ng'onda na ya papa mkavu, ya mkate na ya vidonge vya kukoleza mchuzi. Hata magadi tutiayo katika maharage yana sodiamu, kitu kile kile kilichomo katika chumvi, ambacho huzuia maji mwilini na kupandisha shinikizo la damu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na nyongeza ndogo ndogo za kila mlo humaliza mafigo vivyo hivyo. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vyaweza kuupa mchuzi ladha. Lakini mgonjwa asikimbilie chumvi ya badala iuzwayo madukani kabla ya kuuliza, kwani mara nyingi imetengenezwa kwa potasiamu, nayo yaweza kumdhuru.

Ya pili ni kiasi katika nyama na vyakula vya namna yake. Havikuwa mwiko. Kwa mtu mzima aliyefika ngazi ya 3, kipimo kishauriwacho ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 atapata gramu 48, na hizo zatosha kumpa nguvu. Mtoto na mama mjamzito wasipunguziwe chakula hicho pasipo agizo la daktari. Wala mtu asijinyime ndizi, machungwa na mboga za majani kwa kusikia maneno ya jirani: kwa kawaida vyakula hivyo huzuiwa pale damu inapoonyesha kwamba potasiamu imezidi.

Ya tatu ni mwendo wa maisha. Kisukari na shinikizo la juu la damu ndizo sababu kubwa mbili za ugonjwa huu. Kwa hiyo apunguze sukari katika chai na soda, aache tumbaku, asiwe mtu wa ulevi, na atembee kwa miguu walau nusu saa kwa siku 5 katika juma. Ya nne, nayo ni ya lazima sana, ni kumeza vidonge vya shinikizo la damu kila siku kama alivyoagizwa, hata siku anapojiona mzima. Ya tano ni kujihadhari na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hununua dukani kwa ajili ya mgongo na magoti. Zikitumiwa mara kwa mara huyaumiza mafigo yaliyokwisha kudhoofika.

Maandiko hayasemi kwamba ukoma wa Naamani ulianza kupungua alipozama mara ya kwanza au ya pili. Alizama, akaibuka, akazama tena. Mgonjwa wa mafigo naye hana tofauti kubwa ya kuiona leo kati ya mlo wenye chumvi na mlo usio nayo. Thawabu yake si kuona jambo, bali ni jambo baya kutotukia: kipimo cha mwakani kuwa sawa na cha mwaka huu. Utii wa namna hiyo hauna shangwe, wala hakuna aupigiaye vigelegele, lakini ndio unaookoa.

Kuna na mito ya Damasko. Haikosi mtu wa kumnong'oneza mgonjwa kwamba iko dawa ya kusafisha mafigo kwa siku chache, au kwamba atupe vidonge kwa sababu ameombewa. Hatudharau miti aliyoiumba Mungu. Lakini mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza habari za wanawake walioharibika mafigo baada ya kutumia dawa za mitishamba za Kichina za kupunguza unene. Na mwaka 2013 madaktari wa Kerala, India, walieleza habari za watu walioumia mafigo kwa ghafla baada ya kunywa maji ya birimbi kwa wingi, tunda ambalo kwetu pwani hutiwa katika achari na hakuna alidhaniaye kuwa adui. Kitu kutoka mtini si ushahidi kwamba hakidhuru.

Na juu ya sala, Kanisa halikufundisha kamwe kwamba sala na dawa hugombana. Mwenye hekima Yoshua bin Sira atufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba. Humwambia mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake. Basi sali unapomeza kidonge, wala usisali mahali pa kukimeza.

Sasa twasema na wenye nyumba. Naamani aliokolewa na watumishi wake. Mgonjwa wetu ataokolewa na jamaa zake au ataangushwa nao. Mama apikaye asitenge kijungu cha mgonjwa peke yake, kana kwamba ni mtu wa kutengwa. Apunguze chumvi ya chungu kizima, na watoto watazoea baada ya majuma machache, na shinikizo la damu la baba yao na la bibi yao litapata nafuu pamoja. Shangazi amwalikaye karamuni asimwone kuwa ana kiburi anapokataa kipande cha pili. Na mgonjwa mwenyewe asifiche: mficha maradhi kilio humfichua. Awaambie watu wake, na ndugu zake wa damu wenye kisukari au shinikizo la damu wakapimwe nao. Ikiwa katika jumuiya yetu yuko aachaye vidonge kwa kukosa nauli au fedha ya dawa, hilo ni deni letu sote, wala si siri yake peke yake.

Fadhila ya kiasi, ambayo Kanisa huihesabu pamoja na busara, haki na ushujaa, mara nyingi tumeiweka katika siku 40 za Kwaresima. Mgonjwa huyu ameitiwa kuiishi mwaka mzima. Mlo wake, akiutoa kwa Mungu kwa moyo mnyofu, waweza kuwa sadaka safi kuliko mfungo aliouchagua mwenyewe. Lakini siku ya mfungo yenyewe asijilazimishe kwa hofu: sheria ya Kanisa huwahusu wenye miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60, nayo haimfungi mtu ambaye afya yake ingeumia. Amwulize daktari, na amwulize padre wake.

Wako watakaotii yote haya, na hata hivyo ugonjwa ukaendelea ngazi kwa ngazi. Mtu asiwaambie kwamba wamekosa imani, wala wasijiulize ni dhambi gani iliyowaletea. Wanafunzi walimwuliza Bwana wetu Yezu Kristu swali hilo hilo juu ya yule aliyezaliwa kipofu, naye akakataa kumtupia lawama kipofu au wazazi wake. Utii wao haukupotea: miaka waliyoilinda waliiishi, wakalea watoto wao, wakazika wazee wao.

Basi wewe uliyerudi na karatasi ile, usiichome wala usiilalie ukilia. Ihifadhi pamoja na vyeti vyako, andika tarehe ya kurudi kupimwa, na jioni hii umwombe apikaye apunguze chumvi katika mchuzi. Ni jambo dogo. Kesho litende tena.