Vumbi Lililo Njiani

Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani yetu uongo. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anatupeleka mbele zaidi: tumtetee jirani, na mambo yake tuyapokee kwa upande ulio mwema. Je, twaweza kufanya hivyo bila kuufumbia macho ukweli?

Jioni za Januari, ukungu unapoiachia milima ya Usambara, sisi wa Lushoto tunaiona Orioni, ile inayotajwa katika Ayubu 38, karibu na utosi wa mbingu. Nyota ya katikati ya mshipi wake, Alnilam, ina joto la zaidi ya nyuzi 20,000. Uso wa jua letu una kama 5,500. Mwanga wake una nguvu hata huisukuma gesi ya nyota yenyewe itoke kama upepo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde. Kwetu, hata hivyo, ni nukta tu. Umbo la upepo wa nyota kama hizi hujulikanaje?

Wataalamu hupima mtikisiko wa mwanga. Mwanga wa kawaida hutikisika pande zote. Ukigonga elektroni zilizomo katika upepo ule, hutikisika zaidi upande mmoja. Upepo ungekuwa sawasawa kila upande, alama hizo zingefutana. Lakini vumbi lililotanda kati ya nyota nalo huutia mwanga alama kama hiyo, na kipimo cha usiku mmoja hakitoshi kuzitenganisha. Basi hupima usiku baada ya usiku. Kinachobadilika baada ya siku chache ni cha nyota, maana vumbi la njiani halibadiliki upesi hivyo.

Habari za jirani nazo hutufikia zikiwa zimepita vumbini: ugomvi wa mpaka wa shamba, wivu wa sokoni, neno lililotiwa chumvi njiani. Habari moja ikirudiwa na watu kumi haileti mashahidi kumi. Baraza la wazee linapojadili kumtenga mtu na Meza ya Bwana, limeshika mkononi chakula cha roho yake na heshima ya nyumba yake.

Wapo watakaosema subira hii ni maficho ya dhambi. Hoja yao ina uzito. Mtoto anapoumizwa hatungoji usiku wa pili. Tunamtoa hatarini leo hii na kuviita vyombo vya sheria. Kumlinda aliye hatarini ni jambo moja. Kuuhukumu moyo wa mtu ni jingine.

Tena nyota iko mbali, haiulizwi. Jirani yuko ng'ambo ya bonde. Ndiyo maana Bwana, katika Mathayo 18, anatuagiza tumwendee ndugu kwanza, tukiwa wawili tu. Safari ni fupi, ila ndimi hupenda kupitia nyumba nyingine tatu. Twende kwake moja kwa moja. Akikiri, njia ya kurudi kundini imefunguka. Akikana, tumeisikia sauti yake kabla ya kuzihesabu zetu.