Damu ya Kuchora na Mikono Inayoichora

Kampuni zinazotengeneza na kuchapisha gemu za kupigana huuza jambo moja la msingi: watu wawili wanasimama uso kwa uso, kila mmoja na kipimo chake cha uhai juu ya skrini, na raundi haiishi mpaka mmoja aanguke au muda umalizike. Mchezo wa aina hii ulipata umbo lake mwaka 1991, Capcom ya Osaka ilipotoa Street Fighter II. Mwaka huohuo SNK, jirani yake, ikatoa Fatal Fury. Midway ya Chicago ikaleta Mortal Kombat mwaka 1992, na Namco ya Tokyo ikaanzisha Tekken mwaka 1994. Zaidi ya miaka 30 baadaye majina hayo bado yanatawala. Kijana wa Lodwar au Kakuma anayelipa ili ashike padi kwenye kibanda cha gemu huyakuta hayohayo pindi anapochoka na mpira.

Swali linaloziandama kampuni hizi lilikuwa la kidini na kifalsafa kabla halijawa la kisheria. Je, kuigiza kuua ni sehemu ya kuua? Na kama kuna doa, linamshika nani: anayecheza, anayeuza, au anayechora?

Jibu la kwanza la kampuni zenyewe lilitoka sokoni. Mortal Kombat ilipohamishwa kutoka mashine za sarafu hadi nyumbani mwaka 1993, Nintendo iliamuru damu igeuzwe jasho la kijivu. Sega iliiacha damu, ila ikaificha nyuma ya msimbo ambao kila mtoto wa mtaa aliujua baada ya wiki. Toleo la Sega liliuza zaidi, na mwaka uliofuata Nintendo ikaruhusu damu katika Mortal Kombat II. Hakuna mwanateolojia aliyeulizwa. Desemba 1993 maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliwaita wakuu wa kampuni mbele ya Seneti ya Marekani, na mwaka 1994 tasnia ikaunda bodi yake yenyewe ya kuainisha gemu kwa umri, ESRB, isije serikali ikaunda yake. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba gemu zinalindwa na uhuru wa kujieleza kama vitabu. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu hiyo, alikumbusha kwamba hata hadithi za kale za watoto zimejaa ukatili. Hukumu hiyo iliamua nani anaweza kukataza. Haikuamua kama jambo lenyewe ni jema, na wanaoitaja kama ushahidi wa wema wanaibebesha mzigo isioubeba.

Walioandika zamani kuhusu maonyesho ya damu hawakuona haya kulijibu swali hilo. Plato alitaka washairi wachunguzwe kwa sababu nafsi hufanana na kile inachokiiga mara kwa mara. Aristotle akaona kinyume: hofu na huruma zikichochewa jukwaani, mtazamaji hutoka ametakasika. Augustine, Mwafrika wa Thagaste katika Algeria ya leo, alisimulia kisa cha rafiki yake Alypius, aliyeburutwa na wenzake kwenye uwanja wa wapiganaji mjini Roma. Alypius alifumba macho akidhani amejikinga. Umati ulipopiga ukelele akayafumbua, na tangu hapo akawa yeye ndiye anayewaburuta wengine. Kisa hicho ndicho hoja kali kuliko zote dhidi ya kampuni za gemu, kwa kuwa hakisemi kwamba Alypius alitoka akaenda kuua mtu. Kinasema tu kwamba alianza kuifurahia damu. Utafiti wote wa kuhesabu kama wachezaji hupigana shuleni haumgusi Augustine hata kidogo.

Katika Uislamu hoja imepita njia nyingine. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamtaka mtu anayepigana na nduguye auepuke uso, na mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lililokutana Makka, lilitoa uamuzi kwamba ndondi ni haramu. Tangu mwaka 2022, hata hivyo, zaidi ya asilimia 96 ya hisa za SNK zinamilikiwa na wakfu wa MiSK wa Mwanamfalme Mohammed bin Salman wa Saudi Arabia, na gemu mpya ya Fatal Fury ya mwaka 2025 ina Cristiano Ronaldo miongoni mwa wapiganaji. Huenda anayetetea uwekezaji huo akasema kwamba uso wa kuchorwa si uso. Hilo ndilo swali lenyewe, na pesa zimelitangulia jibu.

Mabishano haya yote, ya Athene, ya Roma na ya Washington, yanamtazama mtu mmoja: anayeangalia. Ukiyapeleka Kaikor, mambo yanabadilika. Kaikor iko Turkana Kaskazini, upande wa mpaka wa Sudan Kusini na Pembetatu ya Ilemi. Uvamizi wa mifugo kati ya Waturkana na majirani zao Watoposa, Wanyangatom na Wadaasanach ni jambo ambalo familia nyingi za huko zinaweza kulisimulia kwa majina ya marehemu. Na si jambo la juzi. Nataruk, kusini-magharibi mwa Ziwa Turkana, wataalamu walifukua mabaki ya watu wasiopungua 27 waliofariki takriban miaka 10,000 iliyopita. Katika tangazo lao la mwaka 2016 walisema 10 kati ya 12 waliokutwa na mifupa iliyo karibu kamili walikuwa na dalili za kuuawa, zikiwemo za marungu na mishale, ingawa wataalamu wengine wamepinga usomaji huo wa baadhi ya mifupa.

Mahali kama hapo mtu hawezi kuchanganya gemu ya kupigana na vita. Uvamizi hufanywa alfajiri, kwa wengi dhidi ya wachache, na anayevamiwa hakuombwa ridhaa. Katika Tekken wawili wamekubaliana, wana uhai sawa, na aliyeanguka husimama raundi ya pili akiomba marudio. Kwa maadili, mchezo huu ni ndugu wa mieleka, ile ambayo Wadinka na Wamundari wa Sudan Kusini wanaionea fahari, wala si ndugu wa bunduki. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya kimataifa kwa ustadi wake wa Tekken. Alichokuwa akikifanya ni kumsoma mpinzani, kusubiri, na kuadhibu kosa. Mwanamieleka angemwelewa mara moja. Kwa hiyo shtaka dhidi ya mchezaji ni dhaifu kuliko wahubiri wengi wanavyodhani, hata kama onyo la Augustine halifutiki kabisa.

Lakini desturi ya Waturkana inauliza jambo ambalo wanafalsafa wa kale hawakuliuliza: nani ameigusa damu, na nani yuko naye baada ya kuigusa? Kwa mila, aliyeua adui harudi tu nyumbani akaketi kwenye kigoda chake kama jana. Mnyama huchinjwa, wazee humtakasa, na mwili wake hutiwa chale ambazo kila mtu atazisoma. Kitendo kinatoka mikononi mwa mmoja na kuwekwa mikononi mwa jamii, mbele ya Akuj, Mungu wao. Mwaka 2021 Matthew Zefferman na Sarah Mathew walichapisha utafiti uliowahoji wapiganaji 218 wa Kiturkana. Zaidi ya robo yao walikuwa na dalili za kutosha kuhesabiwa kuwa na kiwewe cha vita. Dalili za hofu, kama kushtuka na kurudiwa na taswira za tukio, zilifanana na za wanajeshi wa Marekani wanaotafuta matibabu. Dalili za huzuni na kujitenga zilikuwa hafifu zaidi, nazo zilifungamana na kufiwa, kukiuka maadili na kuogopa lawama ya wenzao kuliko na hatari ya mapigano yenyewe. Kwa maneno mengine, miili iliogopa sawasawa, ila mzigo wa dhamira haukubebwa sawasawa. Utafiti huo hausemi kwamba uvamizi ni halali, na atakayeusoma hivyo ameusoma vibaya.

Kipimo hicho kikiletwa kwenye studio, doa linaonekana mahali ambapo halikutafutwa. Mwezi Mei 2019, muda mfupi baada ya Mortal Kombat 11 kutoka, mtengenezaji mmoja ambaye jina lake halikutajwa aliieleza tovuti ya Kotaku jinsi kazi yake ilivyokuwa. Ili vifo vya kwenye gemu vionekane vya kweli, watu waliomzunguka walitazama picha na video za mauaji halisi na za ng'ombe wakichinjwa, siku baada ya siku, kama marejeo ya kazi. Akaanza kuota ndoto za kutisha, akawa anaogopa kulala, na hatimaye mtaalamu akamwambia ana ugonjwa wa kiwewe. Mchezaji aliona katuni. Yeye aliona maiti.

Hapa hoja ya kwamba damu ya gemu si damu inavunjika upande mmoja. Ili kuchora damu ya uongo inayoaminika, kuna mtu aliyetazama ya kweli kwa niaba ya wateja wote. Kampuni imemkabidhi kazi ambayo jamii za wapiganaji humwekea mtu ibada, wazee na mapumziko, na badala yake imempa mkataba na tarehe ya kumaliza. Si lazima mtu aamini mizimu ili aone upungufu huo. Kampuni ya aina hii inadaiwa na mafundi wake kabla haijadaiwa na watoto wa wateja, na ajabu ni kwamba mjadala wa hadhara, tangu maseneta wa 1993, umekuwa karibu wote juu ya watoto.

Kuna mtengenezaji mmoja aliyeifikia gemu kutoka upande wa pili wa damu. Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan Kusini na akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, maisha ambayo wakazi wa Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 kwa vijana waliokimbia vita hivyohivyo, hawahitaji kuelezwa. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu kumnunulia kompyuta, na yeye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Gemu iliyomfungua macho ilikuwa Grand Theft Auto. Aliyoitengeneza mwenyewe, Salaam, haina adui wa kuangushwa: mchezaji ni mkimbizi, anakimbia, na chakula, maji na dawa vinapomwishia, malipo yake ya kununua vingine yanakusudiwa kuwafikia wakimbizi halisi. Mwaka 2018 tuzo za The Game Awards zilimtambua. Mayen ni ushahidi kwamba aliyeyapitia mambo haya haoni raha kuyachora bila sababu. Si ushahidi kwamba kila gemu iwe ya kukimbia. Gemu ya kupigana iliyotengenezwa kwa heshima ingeweza kuwa tukufu kama mieleka.

Deni la pili la mkono unaochora ni kwa wanaochorwa. Mwaka 1997, katika Street Fighter III, Capcom ilimleta Elena, binti wa chifu kutoka Kenya. Ana nywele nyeupe, yuko pekupeku, amevaa vipande vichache vya nguo na bangili, na anapigana kwa miguu tu. Sanaa yake ni kapoeira, ya Brazili, yenye asili inayohusishwa na Angola. Tabia yake ni njema kuliko ya wahusika wengi, maana anapigana ili apate marafiki, na harakati zake zilichorwa kwa uzuri ambao wasanii bado wanausifu. Mwezi Juni 2025 aliongezwa Street Fighter 6. Lakini kabila lake halijulikani, na Kenya yake ni mbuga isiyo na mji. Nchi yenye mieleka, fimbo, ngao na visu vya kila namna iliazimiwa mapigano ya bara jingine.

Waturkana, kwa mfano, wana abarait, kisu cha duara kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono, makali yake yakiwa yamefunikwa kwa ngozi mpaka siku ya haja. Ni silaha ambayo mbuni wa gemu angeiota. Iwapo studio ingetaka kuichora, Kenya ina la kusema: Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 iliamuru Bunge litunge sheria ya kuzilipa jamii kwa matumizi ya utamaduni wao, na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inataka ridhaa ya jamii ipatikane kwanza na serikali za kaunti ziweke rejesta. Kwa abarait, rejesta hiyo ni jukumu la serikali ya kaunti iliyo Lodwar. Nguvu ya sheria hiyo inaishia mpakani, Osaka haimo, lakini studio ya Nairobi inabanwa nayo.

Ugumu uko kwingine. Ridhaa huombwa kwa mwenye mali, na Elena hana jamii ambayo Capcom ingeweza kuiendea. Msanii anayeuliza, akajifunza jina la kisu, jinsi kinavyofunikwa na nani huruhusiwa kukivaa, anajiweka chini ya deni linaloweza kudaiwa mahakamani. Anayebuni kabila lisilokuwepo, akalivika nchi nzima, hadaiwi na mtu. Sheria ilivyo sasa inamtoza aliyechora kwa uangalifu na kumsamehe aliyechora ovyo.