Nasaha kwa Kijana wa Wete Aendaye Chuo Bara

Mwanangu, huko Dodoma uendako utakula meza moja na Mhaya, Mgogo, Mmakonde na Mchaga. Nakuusia jambo moja kabla ya mengine: tenga alichokukataza Mola wako na kile ambacho ulimi wako haujakizoea. Wengi wetu huvichanganya viwili hivi, wakaukunjia uso mlenda kana kwamba wameletewa mzoga.

Mlenda kwa Mgogo ni mboga ya nyumbani kwao, nawe onja japo tonge moja. Mhaya naye akiletewa senene wa kukaanga kutoka Bukoba, kwenye msimu wao wa Novemba, akakukaribisha, jua amekukirimu kitu cha thamani. Hao ni jamii ya panzi, na nzige wanazuoni wetu wamewahalalisha. Ukishindwa, sema, “Ahsante ndugu yangu, sijazoea.” Usiisingizie dini. Wala usicheke, kwani yuko atakayemwona pweza wako akashtuka vilevile.

Nguruwe ni jambo jingine. Hapo sema wazi, kwa upole, mara moja, wala usihubiri. Mkiwa mnapika pamoja, zungumzieni masufuria siku ya mwanzo, kabla hamjachangishana hata pesa ya unga. Neno hilo likisemwa chakula kishaiva hugeuka tusi. Na kwa mamalishe, uliza nani kachinja kwa sauti ya chini, usimwaibishe mbele ya wateja wake.

Ramadhani itakukuta huko. Kwetu Wete mchana hula mtu kwa kujificha. Huko wenzako watakula mbele yako, wala hawajakukosea, maana funga ni yako. Magharibi waite mfuturu pamoja. Na rafiki yako Mkatoliki akijizuia nyama Ijumaa za Kwaresima, usimshawishi kwa pilau.

Wala usijivunie chakula cha kwetu ukawadharau wengine. Muhogo tunaoutia nazi asili yake Amerika ya Kusini, uliletwa na Wareno. Na karafuu, iliyoipa Pemba jina duniani, ilitoka visiwa vya Maluku.

Chukua halua ya hapa Wete. Ni wanga, sukari, samli na iliki, haina nyama ya kumtia mtu shaka. Wakatie wenzako kabla hawajaomba, na atakayesema imemzidi utamu, usimlazimishe kipande cha pili.